Mswada Uko Uvunguni, Nawe Wangoja Nini?

Amka, mwalimu! Amka, mwandishi! Amka, wewe uliyemaliza digrii ukarudi Embu, ukarudi Meru, ukarudi Chuka, ukaitia hati yako kwenye fremu na kuitundika sebuleni!

Unajua unachotakiwa kufanya. Umekijua kitambo. Umekijua tangu siku ile mzee alipovuta katoni kutoka uvunguni mwa kitanda, akakufunulia madaftari yaliyojaa mwandiko wake, akakuuliza kama haya yanaweza kuwa kitabu. Ulimjibu yanaweza. Ulimwahidi utamtafutia mtu. Kisha ukapanda matatu ukaenda zako, na mtu hukumtafuta.

Mtu huyo ni wewe!

Kasome uchapishaji wa vitabu. Kasome uzamili wake, uumalize, urudi nao nyumbani. Nalisema mapema na waziwazi ili usije ukadai hukuelewa. Sababu huhitaji kupewa nami, maana umezihesabu mwenyewe usiku ukiwa macho, ukazikubali zote, na kulipokucha ukaenda kusahihisha mitihani.

Tazama yanayotendeka huku ukingoja! Mzee anafariki. Familia inakutana, inachanga, inamtuma kijana mjini na picha moja iliyokatwa kutoka picha ya harusi. Jioni ile kijana wa kompyuta pale dukani ameshapanga kurasa nane za karatasi inayong'aa: picha iliyozungushiwa maua, ratiba ya ibada, majina ya watoto na wajukuu, nyimbo mbili, na wasifu wa nusu ukurasa. Alizaliwa, akasoma, akaoa, akaajiriwa, akaugua.

Nusu ukurasa! Mtu aliyelelewa ndani ya vijiji vya Hali ya Hatari enzi za ukoloni, mtu ambaye baba yake alikuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza kuruhusiwa kupanda kahawa Meru na Embu miaka ya 1930, mtu aliyeweza kukutajia mpaka wa kila ukoo kutoka mto hadi mto. Miaka 80 imefungwa kwa nusu ukurasa, tena yenye makosa ya herufi.

Programu ya mazishi yake ndiyo chapa ya kwanza na ya mwisho kubeba maisha yake. Nawe ulikuwepo. Ulipewa nakala kwenye hema. Uliikunja ukaitia mfukoni, ukala, ukarudi mjini.

Na yale madaftari? Mengine yamewashia moto jikoni, mengine yameliwa na mchwa, mengine yamegawanywa na watoto wasioelewana. Hayarudi!

Usiniambie kwamba watu wetu hawana cha kuandikwa. Bernardo Bernardi, padri wa Consolata kutoka Italia, aliketi na Wameru akaandika juu ya Mugwe, kiongozi wao wa kidini, na kitabu kikatolewa na Oxford University Press mwaka 1959. Jeffrey Fadiman alikusanya simulizi za wazee wa Meru, na mwaka 1993 kitabu chake kikatoka chuo kikuu cha California. California, ndugu yangu! Simulizi zilizosimuliwa chini ya Mlima Kenya zimevuka bahari mbili ili zipate mhariri.

Nao wenyeji walifanya kazi. H.S.K. Mwaniki alizunguka kwa wazee wa Embu na Mbeere, akasikiliza, akaandika, na East African Literature Bureau ikatoa vitabu vyake mwaka 1973 na 1974. Alfred M'Imanyara alitoa historia yake ya Wameru kupitia Longman Kenya mwaka 1992. Wazee waliosimulia wengi wao wamelala. Maneno yao yapo, kwa sababu upande wa pili wa meza palikuwa na mtu aliyejua la kufanya na mswada.

Lakini shikilia na hili: ile Bureau iliyotoa vitabu vya Mwaniki ilianguka pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, na kazi ya Bureau ikarithiwa na shirika la Nairobi, Kenya Literature Bureau. Tangu hapo, mwandishi wa Runyenjes au wa Nkubu hupeleka mswada wake Nairobi, anangoja mwaka, anajibiwa kwa barua ya heshima kwamba soko lake ni dogo.

Soko dogo! Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,545,714 katika Kaunti ya Meru na 608,599 katika Kaunti ya Embu. Zaidi ya milioni 2, wenye shule, wenye makanisa, wenye simu mkononi. Chuo Kikuu cha Methodisti kiko Kaaga, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru kiko Nchiru, Chuo Kikuu cha Chuka kiko njiani kati ya Embu na Meru, Chuo Kikuu cha Embu kilipewa hati yake mwaka 2016. Tuna wasomi, tuna wasomaji, tuna wasimuliaji. Aliyepungua ni mchapishaji aliyeisomea kazi yake.

Nenda ukaone wanavyofanya wale waliochoka kungoja! Ingia duka lolote la kupiga chapa mjini Embu au pale Makutano, Meru. Ukutani pana kalenda, pana kadi za harusi, pana risiti za sacco. Kwenye kona, juu ya marobota ya karatasi, utaona vitabu vya mwalimu fulani mstaafu vilivyobanwa kwa pini mbili. Kiinue kimoja. Jalada lina picha ya mlima iliyochukuliwa mtandaoni bila ruhusa. Ndani hakuna ukurasa wa hakimiliki, hakuna nambari ya ISBN, hakuna mwaka. Sura ya 3 inaanza katikati ya ukurasa, sura ya 5 haipo. Kiembu na Kimeru zina irabu saba, ndiyo maana wasomi wake walitia alama ndogo juu ya ĩ na ũ. Hapa alama zote zimepotea, kwa kuwa kompyuta ya duka haikuwa na fonti, na jina la babu wa ukoo limegeuka jina la mtu mwingine kabisa.

Simlaumu mpiga chapa. Aliletewa, akapiga, akalipwa. Simlaumu mwalimu mstaafu, maskini, aliyetoa pensheni yake akapiga nakala 1,000, akauza kwa jamaa na waumini wenzake, na zilizobaki zinamkalia chumbani kama mgeni asiyeaga. Nakulaumu wewe unayejua kinachokosekana na hujaenda kukisomea!

Kazi hii ina elimu yake, na elimu hiyo inafundishwa. Chukua hesabu moja tu. Tuseme kuhariri, kupanga kurasa na kuchora jalada kumegharimu shilingi 200,000. Gharama hiyo haipungui wala haiongezeki hata ukipiga nakala ngapi. Piga 500, kila nakala imebeba shilingi 400 kabla hujanunua karatasi. Piga 2,000, kila nakala imebeba 100. Sasa duka la vitabu linataka punguzo lake, msambazaji anataka chake, mwandishi anadai mrabaha wake, ambao mara nyingi huwa asilimia 10 hivi. Na karatasi yenyewe hukunjwa kwa mafungu, mara nyingi ya kurasa 16, kwa hiyo kitabu cha kurasa 130 kitaishia 144, na kurasa 14 tupu umezilipia. Je, mwalimu mstaafu alijua? Je, wewe unajua? Unabahatisha!

Au chukua mkataba. Hakimiliki nchini Kenya hudumu maisha yote ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Karatasi moja iliyotiwa sahihi kwa haraka, hotelini, juu ya chai, inaweza kumfunga mama mwandishi wa Ishiara, kumfunga mwanawe, na kumfunga mjukuu wake ambaye hajazaliwa. Nani atamsomea? Nani atamwambia, mama, toa haki za tafsiri kwenye kifungu hiki, usiuze haki za filamu, dai hesabu kila mwaka? Ungekuwa umesoma, ungekuwa wewe.

Na wachapishaji wakubwa wa Nairobi wasikudanganye kwa majengo yao. Wengi wanaishi kwa vitabu vya shule. Tangu serikali ianze kununua na kusambaza vitabu vya kiada yenyewe, moja kwa moja hadi shuleni, kampuni iliyoshinda zabuni hushiba na iliyoshindwa hulala njaa. Sheria ya VAT ya 2013 ikavibebesha vitabu kodi ya asilimia 16. Katika mbio hizo, nani ana muda wa methali za Mbeere? Nani ana muda wa historia ya Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Meru, kama inavyosimuliwa na Njuri Ncheke wenyewe? Hakuna zabuni ya kumbukumbu za nyanya yako.

Sikiliza habari za Henry Chakava, mtu wa Vihiga. Alijiunga na Heinemann, kampuni ya vitabu ya Waingereza, jijini Nairobi mwaka 1972, kijana mhariri. Aliisomea kazi kazini, kwa kuwa wakati ule palikuwa na mabingwa wa kumshika mkono. Alikubali kutoa vitabu vya Kigikuyu vya Ngũgĩ wa Thiong'o wakati ambapo kukubali kulikuwa hatari, akashambuliwa kwa panga, kidole chake kikanusurika kukatwa. Hakuacha! Akainunua kampuni mikononi mwa Waingereza, na mwaka 1992 ikawa East African Educational Publishers. Chuo Kikuu cha Oxford Brookes, ambacho hutoa uzamili wa uchapishaji, kilimpa udaktari wa heshima. Akafariki Machi 2024.

Mtu kama huyo ameondoka, na shule yake ya kumshika kijana mkono mezani imeondoka naye. Huwezi tena kungoja kuajiriwa ndipo ujifunze. Kampuni zinapunguza wahariri, hazilei wapya. Darasa ndilo lililobaki, na darasa liko wazi.

Wala usiniambie kwamba vitabu ni kazi ya Nairobi. Asenath Bole Odaga alianzisha Lake Publishers Kisumu, karibu na ziwa, karibu na wasomaji wake, akatoa vitabu kwa Kidholuo. Na hapa hapa kwetu: Kithaka wa Mberia, mwana wa Tharaka, tamthilia zake zilitoka chini ya jina la Marimba Publications, na Kifo Kisimani ikasomwa na watahiniwa wa kidato cha nne nchi nzima. Gitobu Imanyara, mwana wa Meru, alianzisha The Nairobi Law Monthly mwaka 1987, akakamatwa kwa ajili yake, na mwaka 1991 wachapishaji wa magazeti duniani wakamtunuku Kalamu ya Dhahabu ya Uhuru. Damu hii ya kuchapa na kutetea kilichochapwa imo ndani yenu! Mmeona, mmesikia, mmejua, na bado mmekaa.

Najua utakalosema. Utasema karo.

Karo ni kweli, sikatai. Lakini HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, hutoa mikopo kwa wanafunzi wa uzamili, na umeichukua mara moja, unajua njia ya ofisi zao. Mwalimu, tume yako ya walimu, TSC, ina utaratibu wa likizo ya masomo, uliwahi kuomba? Sacco ilikupa mkopo wa kununua plot ambayo hadi leo inafuga nyasi. Chama kilikupa mkopo wa gari. Pesa zinapatikana kwa kila kitu ambacho hakikuogopeshi!

Utasema Eldoret ni mbali. Ndiyo, Chuo Kikuu cha Moi kiko Eldoret, na ndicho kilicholea masomo ya uchapishaji katika kitivo chake cha sayansi ya habari tangu miaka mingi, hadi uzamili na zaidi. Ni safari ya Nanyuki, Nyahururu, Nakuru, na kupanda tena. Umeshaenda mbali zaidi kwa harusi ya binamu! Utasema wahadhiri waligoma mwaka 2024 na masomo yakasimama. Waligoma, na wakarudi. Chuo hakikufa, usikitumie kama kisingizio cha ndoto yako kufa.

Utasema afadhali ng'ambo. Basi nenda ng'ambo! Oxford Brookes iko, Stirling kule Uskoti iko, na imefundisha uchapishaji tangu miaka ya 1980. Udhamini wa Jumuiya ya Madola uko. Udhamini wa Chevening uko, tena masharti yake yanakutaka urudi kwenu angalau kwa miaka 2 ukimaliza. Vema! Nyumbani ndiko unakohitajika. Lakini kama hujaomba Eldoret kwa sababu unangoja Uingereza, na hujaomba Uingereza kwa sababu tarehe zimepita, hebu kuwa mkweli kwako mwenyewe: hungoji Uingereza. Umekaa tu.

Utasema hakuna kazi. Nani atakuajiri Embu? Hakuna, kwa sababu hakuna nyumba ya kukuajiri, kwa sababu hakuna aliyesoma akarudi kuijenga! Umeanza kuona jinsi kisingizio chako kinavyojizunguka chenyewe? Toka humo.

Na tafadhali usijifariji kwamba simu imemaliza vitabu. Kijana anayesoma hadithi kwenye simu kule Maua bado anahitaji hadithi iliyohaririwa, iliyopangwa, iliyolindwa isinakiliwe na kuuzwa na wezi. Kitabu cha sauti cha Kimeru kitahitaji mkataba wa msomaji wake. Kitabu cha kielektroniki cha Kiembu kitahitaji fonti zenye alama zake, kitahitaji bei, kitahitaji njia ya kulipwa kwa M-Pesa. Yote haya ni kazi ya mchapishaji. Asiyesoma atayaharibu kwa kasi zaidi kuliko wino ulivyoweza.

Hatari yenyewe hii hapa, na naomba uitazame usoni. Waliozaliwa kabla ya 1940 wamebaki wachache. Wanapungua kila juma, unawasikia kwenye matangazo ya vifo ya redio asubuhi, unayatambua majina. Ukiingia darasani Septemba hii, utatoka baada ya miaka 2, darasani kwanza kisha tasnifu. Ukingoja miaka 5 ndipo uanze, utahitimu katika nchi ambayo wasimulizi wake wamekwisha. Utakuwa na shahada, utakuwa na fonti, utakuwa na nambari za ISBN, na hutakuwa na miswada.

Hili halingoji! Na hata kabla hujajiunga, Jumamosi hii, nenda kwa mzee mwingine aliye hai, mwenye madaftari uvunguni, ukiwa na simu yenye chaji. Piga picha kila ukurasa wa madaftari yake, mchana, karibu na dirisha, ukurasa mmoja mmoja, na nambari zake. Mwombe aseme kwa sauti majina yaliyofifia, urekodi. Mwulize ni nani angependa amiliki kazi yake akiondoka, uandike jibu lake kwenye karatasi, atie sahihi mbele ya watoto wake. Saa 3 zatosha. Huo ni mwanzo wa kazi, na unaweza kuwa mwanzo wa tasnifu yako.

Ndiyo, tasnifu! Unahangaika utaandika juu ya nini? Andika jinsi vitabu vinavyofika, na visivyofika, katika maduka ya Nkubu, Maua, Siakago na Runyenjes. Andika juu ya vile vijitabu vya pini mbili: vimepigwa vingapi, vimeuzwa wapi, vimewafilisi akina nani. Andika juu ya makanisa, yaliyowauzia watu wetu nyimbo na maandiko kwa lugha zao tangu enzi za wamisionari, na ujue yalivyofanikiwa kuuza pale ambapo Nairobi inasema hakuna soko. Ruth Makotsi na Lily Nyariki waliuchunguza uchapishaji na biashara ya vitabu nchini Kenya, wakatoa kitabu mwaka 1997. Kitafute, kisome, kisha fanya kwa ajili ya Meru na Embu walichofanya wao kwa ajili ya nchi nzima.

Geuka sasa! Geuka kabla ya muhula mwingine, kabla ya mtoto mwingine kuanza shule, kabla ya plot nyingine kutangazwa. Kila mwaka umesema mwaka ujao. Kila mwaka ujao umefika ukakukuta umekaa palepale, umepanda daraja kazini na kushuka moyoni.

Ishushe ile hati ukutani. Itoe kwenye fremu, ipige nakala tatu, zithibitishwe. Omba hati ya matokeo kutoka chuo chako cha kwanza leo, maana huchukua wiki kadhaa na wiki hizo hutumiwa na wavivu kukata tamaa. Mpigie mhadhiri wako wa zamani, umwombe awe mdhamini wako wa kitaaluma. Atashangaa, kisha atafurahi. Tafuta wa pili. Kaa usiku mmoja uandike kurasa mbili za pendekezo la utafiti, bila maneno makubwa, ukieleza kitabu gani kinakosekana, kwa nini kinakosekana, na unataka kujua nini.

Kisha jaza fomu. Ijaze yote, usiruke sehemu ya karo kwa hofu. Na pale wanapouliza unakusudia kufanyia kazi wapi ukihitimu, usiandike Nairobi kwa sababu inasikika vizuri. Andika Embu. Andika Meru. Tia sahihi, tia tarehe ya leo, upeleke!